Dhahabu ya Chumba cha Nyuma

Mtaa mzima ulimwita Mama Vifungo, ingawa hakuwahi kuzaa. Jina hilo alibandikwa na fundi cherehani wa duka la jirani, mtu wa utani mwingi. Siku hiyo fundi cherehani alikuwa amemaliza shati la bwana harusi lenye mikono ya kukunjwa mara mbili, yenye matundu matupu bila kifungo hata kimoja, akawa anauliza kwa sauti kama huyo bwana harusi atajibana kwa pini za kuanikia nguo. Mwanamke huyo, aliyekuwa akimsikia, akaingia ndani kwake, akatoka na jozi ya vifungo vya fedha: vile vinavyopenyezwa kwenye matundu ya mkono wa shati, uso mmoja nje, mwingine ndani, na katikati kimkufu kifupi cha kuviunganisha. Juu ya kila uso alikuwa amechora jani moja, mishipa yake yote ikionekana. Fundi cherehani aliviangalia, akavaa miwani, akaviangalia tena.

"Kumbe hawa watoto wana mama," alisema, na jina likaganda.

Alikuwa sonara, binti wa sonara. Baba yake alikuwa na watoto wawili, yeye na kaka yake, na kazi aliwagawia kama mtu anayegawa shamba. Binti alipewa kuchora na kutia nakshi, pamoja na ile rangi ya kioo inayochomwa motoni mpaka iyeyuke na kushika. Kaka alipewa moto: kuyeyusha, kulehemu na kupaka dhahabu. Huyo kaka mtaani walimwita Mizani, kwa sababu mkono wake ulikuwa hautikisiki. Vijana wenzake waliwahi kumbishia kwamba hawezi kuvuka barabara na bilauri iliyojaa maji mpaka ukingoni. Alivuka, akarudi, akayanywa mbele yao yote.

Kilichowapa sifa hasa ni vitu vya kale. Upande wa pili wa mji kulikuwa na mzee mmoja wa koti la rangi ya majivu, mwenye duka la saa mbovu, mikufu, vikuku na vifungo vya watu waliokwisha kufa. Wao walimwita Bwana Zamani. Ugonjwa wa vifungo vya kale ni mmoja, nao ni kwamba kimoja hupotea. Kinadondoka harusini, kinakwenda na maji ya kufulia, au kinazikwa na mwenyewe. Bwana Zamani alileta kile kilichobaki, na ndugu wale wawili walikizalia pacha.

Mama Vifungo alikaa na kioo cha kukuzia jichoni akiusoma mkono wa fundi aliyetangulia miaka mingi. Hapa alibonyeza sana. Hapa alichoka. Hapa patasi ilimteleza, akaficha kosa kwa kuchora kijiua. Yeye alilichora na kosa lenyewe, na kijiua juu yake. Kisha Mizani akapaka dhahabu kwa njia ya zamani, na hapo ndipo pacha alipokuwa pacha kweli. Dhahabu ya siku hizi, inayopakwa kwa umeme ndani ya dawa, huwa nyembamba na inang'aa kama bati jipya. Mnunuzi wa vitu vya kale huikamata kwa jicho moja. Njia ya zamani inataka zebaki. Dhahabu inachanganywa na zebaki mpaka inalainika kama siagi, inapakwa juu ya fedha kwa brashi, kisha kitu kinawekwa juu ya makaa. Zebaki inapanda ikiwa mvuke. Huioni, wala hainuki. Dhahabu inabaki, nzito, ya njano iliyotulia, kama vile imekuwepo hapo siku zote.

Baba yao kazi hiyo aliifanyia uani penye upepo, na watoto wakija kuchungulia aliwaamuru wasimame upande ule upepo unakotoka. Kwa nini, hakusema. Alikuwa mtu wa kuagiza, si wa kueleza, na alifariki akiwa hajaeleza.

Baada ya msiba ndugu wale walibaki na karakana, na ua ukabaki na vumbi lake. Upepo ukivuma, vumbi lilitua kwenye rangi ya kioo kabla haijachomwa, nayo ikatoka motoni na vipele kama ngozi ya mgonjwa wa tetekuwanga. Mama Vifungo alivumilia, akalalamika, akavumilia tena. Mwishowe alimwambia kaka yake waujenge ua ule. Yeye kazi zake zinaharibika, na kaka mvua inamnyeshea bure. Mizani hakuwa mtu wa kubishana na dada yake. Alipandisha ukuta, akaezeka mabati, akatia mlango na dirisha moja dogo ambalo mara nyingi lilifungwa. Wakakiita chumba cha nyuma. Kikawa chumba kizuri. Hakikuingia vumbi, na siku za baridi makaa yalikitia joto zuri mpaka wifi, yaani mke wa Mizani, akawa anamlaza mtoto wao mle mchana, kwenye kitanda cha kamba kando ya mlango, huku yeye akiendelea na kazi za nyumbani.

Mambo yalianza kuharibika humo, lakini polepole, kiasi kwamba hakuna aliyeweza kusema yalianza lini.

Mizani alipoteza usingizi kwanza. Kisha akapoteza uchangamfu. Yeye aliyekuwa akipiga soga na wateja mpaka wanasahau walichofuata, sasa akisikia hodi alijificha nyuma ya pazia. Akiulizwa jambo dogo alibabaika, uso ukamwiva, jasho likamtoka, halafu ghafla akafoka. Alimfukuza mteja wa siku nyingi kwa sababu tu aliuliza kazi yake itakuwa tayari lini. Baadaye vidole vikaanza kucheza vyenyewe. Vilicheza asubuhi, kisha asubuhi na jioni, kisha kutwa nzima, na lehemu ambayo zamani aliiweka mahali pake kwa mguso mmoja sasa alikuwa akiifukuza huku na huko kama mtu anayekimbiza kuku. Mate yalimjaa mdomoni. Fizi zilimuuma na kutoa damu, na ili azitulize akawa anatafuna karafuu. Mfuko wa shati lake haukukauka karafuu.

Ni hizo karafuu zilizommaliza. Mtu anayetetemeka, anayefoka, anayewakimbia watu na anayetafuna karafuu kutwa kama mwenye kuficha harufu ya mdomo, mtaani ana jina moja tu. Walioanza kulisema walilisema kwa kicheko. Fundi cherehani alidai Mizani sasa imedondosha jiwe moja. Baadaye kicheko kiliisha, likabaki neno lenyewe: mlevi.

Wifi alikuwa hasemi kitu. Alikaa kimya hivyo mpaka siku mlango ulipobamizwa na upepo na Mizani, aliyeshtuka kama amepigwa risasi, akamzaba mkewe kofi mbele ya mtoto. Alitoka pale ameshika shavu, akaenda moja kwa moja kwa mama mkwe wake. Kikao kikaitwa.

Walikaa sebuleni kwa mama, na baba mdogo, ndugu wa marehemu baba yao, akawa msemaji. Baba mdogo alikuwa mtu mwema anayependa haki, na pengine hiyo ndiyo ilikuwa balaa, kwa sababu alitaka kila mtu asikilizwe na jambo liishe siku hiyohiyo. Alimuuliza Mizani waziwazi kama anakunywa. Mizani alifungua mdomo, hakuna kilichotoka. Uso ulimjaa damu. Jasho lilimchuruzika mpaka kwenye ukosi wa shati, na mikono yake, aliyokuwa ameilaza juu ya meza ili itulie, ikaanza kuipiga meza ile mpaka vikombe vikalia. Alisema "mimi" mara kadhaa, na kila mara maneno yakamkatikia palepale. Kisha akainuka, akaipindua meza, akatoka nje.

Wakati mama anaokota vigae, baba mdogo alimgeukia Mama Vifungo.

"Wewe, mwanangu, unashinda naye. Umeona nini?"

Alitaka kumtetea kaka yake. Hakuwahi kumwona na chupa, wala hakuwahi kunusa kitu. Lakini alikuwa amechoka kufokewa, na aibu ya ile meza ilikuwa bado inamuwasha usoni.

"Chupa sijaona," alisema. "Ninachojua ni kwamba kila akiingia chumba cha nyuma, anatoka akitetemeka."

Lilikuwa neno la kweli kuliko yote yaliyosemwa siku ile, nalo lilimzika kaka yake. Wote walilielewa kwa namna moja: pombe imefichwa chumba cha nyuma. Binamu wawili walitumwa kukipekua. Walirudi mikono mitupu, na hilo nalo likawa ushahidi, kwamba huyu si mlevi tu, ni mlevi mjanja.

Wifi alimchukua mtoto akarudi kwao. Mizani alipelekwa kukaa kwa baba mdogo, nje ya mji, mbali na marafiki wabaya ambao hakuna aliyeweza kuwataja. Alikaa huko akilisha kuku na kuziba mabati yanayovuja, na taratibu akapata nafuu. Usingizi ulimrudia. Mikono ikatulia. Alianza hata kumtania baba mdogo kwamba kuku wake wana nidhamu kuliko wajukuu wake. Familia ilishukuru, kila mtu akimwambia mwenzake, unaona, ameacha. Na Mizani mwenyewe, kwa kuwa hakuwa na maelezo mengine, alifika mahali akaomba radhi. Alimwahidi mama yake kwamba hatarudia tena. Hakusema hatarudia nini, na mama hakumuuliza.

Akarudi kazini. Kazi za Bwana Zamani zilikuwa zimerundikana, naye akazivamia kama mtu anayefidia miezi aliyopoteza, mlango umefungwa ili vumbi lisimharibie dada yake rangi. Kabla ya masika kuisha alikuwa mbaya kuliko mwanzo. Miguu ilimvimba. Alitembea akiyumba, akishika kuta. Safari hii hakuna aliyeitisha kikao, walikuwa wamemchoka. Mama Vifungo naye alikuwa amemchoka. Alimwekea chakula kwenye benchi la kazi na kuondoka kabla hajageuka, ili asimwone akihangaika na kijiko.

Asubuhi moja ya mvua Mizani alitoka kwenda kununua makaa, akaanguka karibu na kituo cha mabasi. Watu waliokuwa wakiwahi kazini walimpita. Wengi walimfahamu, na ndiyo maana walimpita. Alilala ubavu kwenye maji ya mtaro mpaka mvua ilipokatika. Wafagiaji wa barabara ndio waliomwinua, akiwa bado anapumua lakini hawezi kusema. Hospitali walikuta figo zimekwisha kazi. Ndugu walipoulizwa historia yake walijibu walichokuwa wakikijua, na ikaandikwa kwamba mgonjwa ni mnywaji. Hakumaliza wiki. Mazishini walikuja watu wachache, nao walizungumza kwa sauti ya chini, kama watu walioshusha mzigo na wanaona haya kuonekana wamepumua.

Mama Vifungo hakufunga karakana. Alijifunga aproni ya kaka yake, akaingia chumba cha nyuma, akaanza kupaka dhahabu mwenyewe. Njia aliijua kwa kuiona utotoni, na mikono yake ilikuwa myepesi. Bwana Zamani alileta kazi, akachukua kazi, akasema hawezi kutofautisha dhahabu ya dada na ya marehemu. Alidhani anamsifu.

Kazi iliyomfumbua macho ililetwa na mwanamke mmoja mwalimu, ambaye baba yake alikuwa amemwachia kifungo kimoja cha kale chenye ndege aliyegeuza shingo kulia. Mama Vifungo alikaa nacho siku kadhaa bila kukigusa kwa chombo. Kunakili tu aliona ni kumnyima yule ndege mwenzake. Aliamua pacha wake ageuze shingo kushoto, ili mvaaji akiweka mikono pamoja ndege wale watazamane. Alichora kwenye karatasi mara nyingi, akaridhika, akahamia kwenye fedha. Manyoya ya bawa yalitoka vizuri. Alipofika shingoni, mstari ulitetemeka.

Alidhani ni uchovu. Akafuta kwa msasa, akarudia, mstari ukatetemeka palepale. Alilaumu taa, akabadilisha taa. Alilaumu umri, ingawa hakuwa mzee. Kusema kweli kulikuwa na mambo mengine ambayo alikuwa anayasukuma pembeni: kutolala, ile ladha ya bati mdomoni isiyoondoka hata akila pilipili, wateja aliowakaripia kisha akalia peke yake, na fizi. Fizi zilimuuma vibaya siku hiyo. Alikwenda duka la pembeni, akanunua karafuu, akaweka moja kwenye jino la nyuma, akauma.

Harufu ikampanda puani. Ilikuwa harufu ya kaka yake. Ilikuwa vilevile alivyokuwa akinuka akipita mlangoni, na sasa ilikuwa inatoka kwenye mdomo wake, na yeye katika maisha yake hajawahi kuonja pombe. Alisimama katikati ya njia, watu wakimkwepa. Mwenye duka alimuuliza kama anajisikia vibaya. Aliitema ile karafuu kiganjani, akaitazama, kisha akakaa kwenye gunia la mchele bila kuomba ruhusa.

Hospitalini alimkuta daktari wa kike, mpole, asiye na haraka. Daktari alimpa kalamu akamwomba achore duara, duara la kawaida tu. Yeye aliyechora mishipa ya jani juu ya fedha alichora kitu kama kamba iliyotupwa sakafuni. Daktari akauliza anafanya kazi gani. Alipoeleza habari za zebaki na makaa, daktari aliweka kalamu chini, akataka kujua chumba kina madirisha mangapi, na dirisha lile hufunguliwa mara ngapi. Walichukua mkojo, wakachukua damu, na majibu yalipokuja hayakuacha nafasi ya ubishi. Ule mvuke alikuwa akiuvuta. Ulikuwa umeingia kwenye neva na kwenye figo, na akiendelea hatafika mbali.

Alisikiliza yote hayo kama habari za mtu mwingine. Alikuwa na swali moja.

"Mtu mwenye sumu hii anaweza kuonekana kama mlevi?"

"Sana," daktari alisema. "Hasira, aibu, kutetemeka, kuyumba. Akikaa mbali nayo anapata nafuu, akirudi anazidiwa. Kwa nini unauliza, mama?"

Alijifunika uso kwa mtandio. Daktari alimsogezea boksi la tishu na kumwacha alie.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa dukani kwa Bwana Zamani. Hakwenda kugombana, alikwenda kurudisha kazi zilizobaki na kumwambia sababu. Mzee aliinamisha kichwa juu ya trei ya vikuku. Alisema mafundi wote wa dhahabu ya namna ile aliowajua enzi za ujana wake walitetemeka, na ndiyo maana kazi hiyo haipatikani tena. Alidhani wao wanajua. Hakulisema kwa ubaya, alilisema kama mtu anavyosema mvua huloanisha, na Mama Vifungo akaona afadhali angekuwa mbaya, angalau angemchukia. Kile kifungo cha ndege alimrudishia mwalimu bila pacha wake. Michoro alimpa pia, akatafute fundi mwingine.

Kisha akaenda kwa wifi yake. Hawakuwa wameonana tangu mazishi. Wifi alikuwa akipiga pasi kwenye duka la dobi, katikati ya mashati yaliyotundikwa. Hakuacha kazi alipomwona. Alimwonyesha kwa kidevu mahali pa kukaa. Mama Vifungo alieleza yote, tangu karafuu mpaka majibu ya damu, na mwisho akasema lile alilokuja kulisema, kwamba mume wake hakuwa anakunywa.

Wifi aliisimamisha pasi.

"Unaniambia mimi? Nililala naye kitanda kimoja, wifi. Unadhani sikujua? Nilimwambia mama, nikamwambia baba mdogo, wakasema mke humfichia mumewe. Halafu ukaulizwa wewe, dada mtu, ukajibu ulivyojibu."

"Mbona basi uliondoka?"

"Alinipiga. Kilichompandisha sikukijua, lakini shavu lilikuwa langu."

Alirudi kwenye shati, akanyoosha mkono mmoja wa shati, akahamia wa pili. Mama Vifungo aliinuka kwenye kiti. Alijiandaa kuondoka. Ndipo wifi, bila kuinua macho, akauliza kwa sauti nyingine kabisa, "Na mtoto? Mtoto alikuwa analala mle."

Hilo Mama Vifungo alikuwa amekwisha kuliwaza njiani, na hakuwa na ujasiri wa kuwa wa kwanza kulitamka. Mtoto sasa alikuwa wa shule. Wifi alisema ni mzito kushika herufi, anayozijua leo kesho zimemtoka, na mwalimu wake amekwisha kumwita mvivu. Walimpeleka kwa yuleyule daktari. Vipimo vilionyesha zebaki kidogo tu. Lakini daktari alieleza kwamba kilichobaki mwilini hakisemi ni kiasi gani kilipita akiwa mchanga, wala kiliharibu nini kilipopita. Hilo litajulikana mtoto akikua, au halitajulikana. Wifi alimshukuru daktari kwa adabu, akatoka, na huko nje akaegemea ukuta.

Mama Vifungo alimwendea baba mdogo, akamwomba aitishe kikao kingine, kwa watu walewale na sebule ileile, kaka yake asafishwe jina. Baba mdogo alisikiliza, akawa kama mtu aliyezeeka akiwa amekaa. Alikumbuka kuku. Alikumbuka Mizani alivyopona mikononi mwake, na jinsi yeye mwenyewe alivyomrudisha karakana akiwa amemshika bega. Lakini kikao alikataa.

"Watu watasema tulimuua," alisema.

"Ndicho watakachosema, baba."

Hakuitisha. Basi Mama Vifungo alikwenda mwenyewe, mlango kwa mlango. Alianza na mama yake, ambaye hakulia wala hakuuliza kitu, ila tangu siku hiyo shemeji yake, yaani baba mdogo, akija kumtembelea anamwandalia chakula, naye mama anakula peke yake jikoni. Fundi cherehani alivua miwani akaishika muda mrefu, na kwa mara ya kwanza hakupata neno la kuchekesha. Binamu mmoja alisema aliyekufa aachwe alale. Wengine walimsikiliza kwa heshima, wakamwangalia mikono. Ilikuwa inatetemeka alipokuwa akisimulia, haikutii hata akiifungia ndani ya mtandio. Baada ya muda habari zikamrudia kupitia kwa jirani: kwamba naye ameanza, maskini, ni mambo ya ukoo, na kwamba ile hadithi ya zebaki ni ya kujifunika.

Chumba cha nyuma kilibomolewa. Walikuja watu waliovaa barakoa za mpira, waliotumwa kwa msaada wa daktari. Walipong'oa sakafu, kwenye nyufa za saruji zilitoka chembe za zebaki, nyingi, zikikimbizana na kuungana kama kitu chenye uhai. Chini ya mahali kilipokuwa kitanda cha kamba zilikuwepo pia. Mama Vifungo alitazama kutoka mbali walikomwelekeza asimame, upande unakotoka upepo, na akajua sasa baba yake alikuwa akiwaepusha na nini kwa amri zile zisizo na maelezo.

Mikono yake ilipata nafuu kiasi. Anaweza kushika kikombe, anaweza kufunga vishikizo vya blauzi akijipa muda. Nakshi haikurudi. Anachora kwa penseli nene kwenye karatasi kubwa, na sonara mmoja wa mtaa wa mbali hupunguza michoro ile na kuifanya vifungo na pete. Ni kazi nzuri, yule sonara ana mkono mzuri. Mama Vifungo akionyeshwa anasema ni nzuri, kisha anaisukuma pembeni.

Mtoto anatakiwa kurudi kliniki kila baada ya muda, na Mama Vifungo huwa anakwenda pia. Hakuna aliyemwalika. Alianza tu kutokea, akakaa kwenye benchi la korido ncha ya pili, mbali kidogo na wifi, na jina la mtoto likiitwa wao wawili waliingia, yeye akabaki nje akitazama mlango. Ilikwenda hivyo mara nyingi. Mara ya mwisho muuguzi alipoita, wifi alisimama, akamshika mtoto mkono, akapiga hatua mbili, akasimama.

"Njoo na wewe," alisema, bila kugeuka vizuri. "Daktari anauliza mambo ya kile chumba, mimi siwezi kuyajibu yote."

Mama Vifungo alichukua mkoba wake, akawafuata ndani.